Nyumba ya vyumba vitatu inakula bati ngapi? Hesabu ya paa kuanzia chini mpaka kwenye kofia

Ukiishi Dodoma swali hili huwezi kulikwepa. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, na zaidi baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji 2018, kila upande unaogeukia kuna pagale, Nzuguni, Ilazo, Iyumbu, Nala, Mkonze, mpaka kule Ihumwa jirani na Mji wa Serikali Mtumba, na kila mwenye pagale anauliza kitu kile kile: jamani nyumba ya vyumba vitatu inakula bati ngapi? Basi majibu yanamiminika, huyu anasema 80, yule 120, mwingine anaapa kwake zilienda 150 na bado zikapungua, na muulizaji anaondoka na kichwa kizito kuliko alivyokuja.

Wote hao wanaweza kuwa wanasema ukweli. Tatizo ni swali. Vyumba haviezekwi, kinachoezekwa ni paa, na nyumba mbili za vyumba vitatu vitatu zinaweza kupishana bati 40 kwa sababu moja ina korido pana na baraza mbele, au mwinuko wa paa ni mkali, au ramani imekatwa kona kona nyingi. Kwa hiyo ukimuuliza mtu idadi kwa kuhesabu vyumba, anakupa idadi ya nyumba yake yeye. Ya kwako inabidi uipige mwenyewe, na nakuhakikishia haihitaji zaidi ya tepu, kalamu na kikokotoo cha simu.

Kwanza tuelewane maneno, maana nusu ya ugomvi wa saiti unatoka hapo. Kenchi ni zile mbao zilizounganishwa pembetatu zinazobeba paa zima. Papi ni mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi na ndo zinazopigiliwa bati. Kofia ni kipande cha bati kilichokunjwa kinachofunika pale juu kabisa mapaa mawili yanapokutana. Vale ni kinyume chake, ni mfereji wa bati kwenye bonde pale paa moja linapoingia kwenye lingine kwa chini. Upenu ni sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Na upana wa kazi wa bati ni ule upana unaobaki baada ya bati kulaliwa na mwenzake pembeni, sio ule unaoupima likiwa limelala peke yake dukani. Hilo la mwisho lishike vizuri sana, tutalirudia.

Sasa tuchukue nyumba ya mfano. Kuta za nje mita 10 kwa 12, yaani eneo la chini ni mita za mraba 120. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema nyumba yangu ni mita 120 basi paa ni 120. Hapana. Kuna vitu viwili vimesahaulika. Cha kwanza ni upenu: ukitokeza sentimita 60 kila upande, zile 10 zinakuwa 11.2 na zile 12 zinakuwa 13.2, ukizidisha unapata kama 148. Hujaweka mwinuko wowote na tayari umeongeza mita za mraba 28, sawa na vyumba viwili vya kulala.

Cha pili ni mwinuko wenyewe. Chukua ngazi iegemeze ukutani: ardhini kutoka mguu wa ngazi mpaka ukutani ni hatua mbili, lakini ngazi yenyewe ni ndefu kuliko hizo hatua mbili, na ukiisimamisha wima zaidi kufika juu unahitaji ngazi ndefu zaidi. Bati ni hiyo ngazi. Linapita kwa mshazari, halipiti kwa usawa wa ardhi. Wazee wa Kigogo waliojenga tembe hawakuwa na hesabu hii kwa sababu paa la tembe ni bapa, miti imelazwa na udongo juu yake, eneo la chini na la juu ni kitu kimoja, na kwa mvua zetu haba za huku lilitosha. Bati haliwezi kulazwa hivyo, lazima liinamishwe maji yakimbie.

Urefu wa mshazari unapatikana kwa hesabu ile ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni. Paa letu la mfano ni la mgongo wa tembo, yaani mapaa mawili tu, moja huku moja kule. Nusu ya upana ni mita 5.6 (ile 11.2 gawa kwa mbili). Muulize fundi kenchi itakuwa na kimo gani katikati, tuseme anakwambia mita 2.6. Zidisha 5.6 kwa 5.6 unapata 31.36, zidisha 2.6 kwa 2.6 unapata 6.76, jumlisha ni 38.12, bonyeza kipeuo cha pili kwenye simu inakuja 6.17. Huo ndo urefu wa bati kutoka kwenye kofia mpaka kwenye upenu. Zidisha kwa urefu wa nyumba 13.2, halafu mara mbili kwa sababu ya mapaa mawili, unapata kama mita za mraba 163. Tulianza na 120! Tofauti ni 43, zaidi ya theluthi ya nyumba, na hapo ndipo mtu anajikuta hela imeisha na upande mmoja uko wazi.

Ukiwa hutaki kupiga pembetatu, fundi akikutajia mwinuko kwa nyuzi unaweza kuzidisha lile eneo la chini lenye upenu ndani yake: nyuzi 15 zidisha kwa 1.04, nyuzi 20 kwa 1.06, nyuzi 25 kwa 1.10, nyuzi 30 kwa 1.15, nyuzi 45 kwa 1.41. Utaona kuwa kutoka 15 mpaka 25 ongezeko ni dogo, ila ukishavuka 30 bati zinaanza kuliwa kwelikweli, na mbao nazo zinapanda. Yale mapaa marefu yanayochongoka yanapendeza, sikatai, ila mwenye nyumba ajue analipia nini.

Mita ipi hiyo unayouziwa?

Hapa ndipo panapoumiza watu wengi kuliko sehemu zote na naomba usome taratibu. Ukienda kwa muuza bati anakwambia "mita ni elfu kumi na tatu". Wewe kichwani una 163, unapiga 163 mara 13,000, unalipa, unaondoka umefurahi. Mita anayosema yeye ni mita ya urefu wa bati, wewe uliyohesabu ni mita ya mraba. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Mita moja ya urefu ya bati lenye upana wa kazi wa sentimita 76 inafunika mita ya mraba 0.76 tu, kwa hiyo zile mita 163 ulizolipia zitafunika mita za mraba 124 na kubakisha 39 zinazotazama mawingu. Muuzaji hajakuibia, hamkuelewana tu.

Njia sahihi ni kuhesabu mistari, yaani safu za bati zinazoshuka kutoka kwenye kofia mpaka kwenye upenu. Urefu wa nyumba 13.2 gawa kwa upana wa kazi 0.76, unapata 17.4, na kwa kuwa huwezi kununua sehemu ya mstari unapandisha kuwa 18. Mapaa mawili ni mistari 36. Kila mstari ni mita 6.17, waambie wakukatie 6.2. Kwa hiyo 36 mara 6.2 ni mita za urefu 223.2. Kwa bei yetu ya mfano ya 13,000 hiyo ni shilingi 2,901,600.

Sasa angalia ajabu hii. Duka la pili lina bati pana, upana wa kazi ni mita 1 kamili, ila mita ni 16,000. Wengi wanakimbia, wanasema hawa ghali. Piga hesabu: 13.2 gawa kwa 1, pandisha, ni mistari 14, mapaa mawili 28, mara 6.2 ni mita 173.6, mara 16,000 ni 2,777,600. Lile la "ghali" limekuwa rahisi kwa shilingi 124,000! Bei hizi ni za mfano na hubadilika, kilichobaki pale pale ni njia: usilinganishe bei ya mita, linganisha bei ya mstari mzima mara idadi ya mistari. Na upana wa kazi usiuamini wa mdomoni, omba bati mbili zilazwe pamoja pale pale dukani uzipime na tepu yako.

Kuna wanaonunua bati zilizokatwa tayari za mita 3, zile za kwenye hadiwea ya mtaani. Si vibaya, kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) inabeba, na bati likiharibika unapata jingine palepale, ila hesabu yake ina mtego. Bati mbili za mita 3 hazikupi mita 6, kwa sababu ya juu lazima ilalie ya chini, tuseme sentimita 15, kwa hiyo unabaki na 5.85. Paa letu ni 6.17. Umekosa sentimita 32 tu! Hapo fundi atakata vipande vya kuongezea, na kila kipande kinahitaji sentimita 47 ukiweka na sehemu ya kulaliana, bati moja likitoa vipande sita. Mistari 36 inahitaji bati 72 nzima na 6 za kukata, jumla 78, na paa lako linakuwa na maungio mawili kila mstari badala ya kutokuwa na hata moja. Mwingine atakwambia punguza upenu kutoka 60 mpaka 30 ili bati mbili zitoshe. Inawezekana, na kwa hela ni nafuu, lakini kwa jua la Dodoma na mvua yetu inayopigwa na upepo mimi ningebaki na upenu mrefu unaolinda ukuta na dirisha na nikatafuta bati la kukatiwa kwa urefu. Uamuzi huo lakini ufanyike kabla kenchi hazijakatwa, zikishapanda juu umechelewa.

Habari ya kona nne

Kuna imani imeota mizizi kwamba paa la kona nne, yaani lile linaloteremka pande zote nne za nyumba, linakula bati mara mbili ya mgongo wa tembo. Si kweli. Kama eneo la chini ni lile lile na mwinuko ni ule ule pande zote, eneo la paa ni sawasawa, 163 kwa 163. Kinachoongezeka ni mabaki, kwa sababu kila bati linaloishia kwenye kona linakatwa mshazari na kipande kilichokatwa si lazima kipate kazi. Kwa bati la migongo ya kawaida kipande hicho mara nyingi unaweza kukigeuza ukakitumia upande wa pili, kwa hiyo fundi makini hapotezi sana. Kwa yale ya mtindo wa vigae huwezi kugeuza, bati lina juu na chini yake, na mabaki yanarundikana. Ongeza asilimia 10 kwa la kawaida na 15 kwa la mtindo wa vigae na utakuwa salama, ukizidisha vale na vijipaa vya mapambo mbele basi ongeza tena.

Panapopanda kweli kwenye kona nne ni kofia. Mgongo wa tembo wetu una mstari mmoja wa kofia wa mita 13.2. Ukiifanya kona nne, mstari wa juu unabaki mita 2 tu lakini unapata mishazari minne ya mita 8.3 kila mmoja, jumla inafika mita 35 na ushee. Kofia zikiwa za mita 2 na zikilaliana sentimita 15, unatoka kofia 8 unaenda kwenye 22 hivi. Watu wanasahau kofia kabisa kwenye bajeti halafu wanashangaa. Kwa upande wa pili mgongo wa tembo unakudai tofali za kuziba zile pembetatu mbili za ukutani, kwa hiyo usidhani ni bure.

Na zile za kuficha bati, nyumba za kisasa zenye ukuta uliopanda ukazunguka paa? Bati ni pungufu kwa sababu mwinuko ni mdogo. Ila unajenga ukuta wa ziada, unatengeneza mifereji ya ndani, na ikiziba maji yanarudi kwenye dari lako. Mwinuko mdogo unataka pia bati zilaliane zaidi. Ukiambiwa ni nafuu, uliza nafuu ya nini.

Geji ni kinyume na unavyodhani

Geji ni namba ya kutaja unene wa bati, na namba hiyo ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa vipimo vya Kiingereza vya zamani 28 ni kama milimita 0.4, 30 kama 0.3, na 32 kama 0.27. Tofauti hiyo jicho haliioni, hasa bati likishapakwa rangi inayong'aa, na wapo wanaouziwa 32 kwa jina la 30. Mzani unaona. Chuma cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bati la mita 3 lililotoka kwenye roli (bati bapa lililoviringishwa kabla ya kukunjwa migongo) ya upana wa sentimita 91 linatakiwa kuwa na kilo 8.6 hivi likiwa la 0.4, kilo 6.4 likiwa la 0.3, na kilo 5.8 likiwa la 0.27. Roli ikiwa pana zaidi uzito unapanda kwa uwiano huo huo. Pima bati moja kwenye mzani wa duka la jirani kabla gari halijapakia, hakuna muuzaji mkweli atakayekasirika.

Unene peke yake nao hautoshi. Kinachozuia kutu ni ule mchanganyiko wa alumini na zinki juu ya chuma, na ndo maana kwenye bati nyingine unaona herufi AZ na namba, mfano AZ100 au AZ150, hizo ni gramu za mchanganyiko kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Namba kubwa hapa ndo nzuri. Rangi ni nguo tu.

Vigae vya ukweli na mawe ya sleti

Wengi wakisema "nimeezeka vigae" wanamaanisha bati lenye umbo la kigae. Vigae vyenyewe vya zege ni kitu kingine: kigae cha kawaida cha sentimita 42 kwa 33 kinaenda kama 10 kwa mita ya mraba, na uzito unazidi kilo 40 kwa mita hiyo. Paa letu la 163 ni tani 6 na nusu na zaidi, wakati kwa bati halifiki hata tani moja. Kenchi zilizopigwa kwa ajili ya bati haziwezi kubeba vigae, nasema hili kwa msisitizo kwa sababu wapo wanaobadilisha mawazo mbao zikiwa tayari juu.

Sleti, yale mawe meusi yanayopasuliwa kuwa vibao vyembamba, yanaezekwa sana Ulaya, hasa yanayochimbwa Wales na Uhispania. Huku hatuyatumii ila hesabu yake inafundisha jambo lile lile la upana wa kazi kuliko kitu kingine chochote. Jiwe moja la sentimita 50 kwa 25 ukilitazama unasema manane yanajaza mita ya mraba. Ukweli ni 20! Kwa sababu kila jiwe linalaliwa na la juu yake na hata la tatu linaligusa kwa sentimita 10, kwa hiyo unachukua 50 toa 10, gawa kwa mbili, linalobaki linaonekana ni sentimita 20 tu za urefu. 20 kwa 25, ndo hiyo. Paa letu lingekula mawe 3,260 kabla ya kuongeza ya kuvunjika.

Vingine vya kuandika kwenye karatasi

Papi: kama fundi anaziweka kila sentimita 90 hivi, mshazari wa 6.17 una mistari 8, mapaa mawili 16, mara 13.2 ni mita 211. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo ni mbao 58, nunua 64 maana zitaunganishwa juu ya kenchi na sio hewani. Mbao nyingi zinatoka Mafinga na Iringa, uliza zimetiwa dawa au la, mchwa wa huku hawana huruma. Andika pia kenchi, fisha bodi (ubao wa kufunika ncha za kenchi kwenye upenu), misumari, kofia, usafiri (bati la mita 6.2 halipandi kirikuu, litakunjika) na ufundi. Uliza kama bei ina VAT ndani na uchukue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwenye misumari usifanye ubahili, Dodoma ni mji wa upepo hasa miezi ya kiangazi, na upepo unanyonya paa kwa nguvu zaidi pembeni, kwenye kona na karibu na kofia, hapo fundi aongeze, asipige kwa nafasi sawa na katikati.

Na ukiweka gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, kuna hesabu moja ya mwisho inayowachanganya watu. Maji ya mvua hayafuati eneo la mshazari, yanafuata eneo la chini, ile 148 yenye upenu. Paa likisimama zaidi halivuni zaidi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, na Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. 148 mara 550 ni lita zaidi ya 81,000, toa moja ya tano ya kupotea njiani zinabaki kama 65,000. Kwa kipimo hicho tenki la lita 5,000 linajaa kwa mvua ya milimita 42 tu, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuongeza la pili, weka msingi wake mapema wakati fundi na zege bado wako saiti.